Nyapara anataka nianze kupanda nguzo mwezi ujao: nimfuate, au niende chuo?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Nina miaka 21. Nilimaliza kidato cha nne nikapata D ya fizikia na D ya hesabu. Huu mwaka wa pili nafanya kibarua kwa mkandarasi anayepeleka umeme vitongojini huku upande wa Kahama. Kazi yangu ni kuchimba mashimo ya nguzo na kusaidia kuvuta waya. Nyapara ameona sina woga, anasema mwezi ujao nianze kupanda, atanifundisha hukohuko saiti, na malipo yangu yatakuwa mara mbili. Mama hataki hata kusikia, anataka niende VETA. Mimi naona chuo ni kupoteza muda wakati kazi ninayo mkononi. Tena kuna fundi ananiuzia mkanda na vyuma vya kupandia kwa shilingi 80,000. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Jibu langu ni kwamba usipande mwezi ujao. Endelea na mashimo na waya hadi chuo kitakapofungua, uende ukasome ufundi umeme, kisha urudi kwenye laini ukiwa mtu mwingine. Najua hilo silo ulilotaka kusikia. Nyapara ana pesa mkononi na mimi nina maneno tu, kwa hiyo nitakueleza sababu zangu kwa urefu, nawe uzipime.

Nimepanda nguzo miaka mingi kabla sijaanza kufundisha vijana wa umri wako. Kwa muda wote huo sijaona kijana aliyeshindwa kupanda. Aliyekulia kwenye minazi au miembe hujua kutumia vyuma vya kupandia ndani ya wiki mbili, na asiye na woga kama wewe hujua kwa siku tatu. Ndiyo maana nyapara amekutazama akaona fundi. Lakini kupanda ni sehemu ndogo ya kazi hii. Fundi laini ni mtu anayejua, kabla mguu wake haujaacha ardhi, kama waya ulio juu una umeme au hauna, na pale asipojua ana ubavu wa kusema sipandi. Nyapara anayelipwa kwa kilomita hana muda wa kukufundisha la kwanza, na hatapenda ujifunze la pili.

Nitakusimulia siku moja. Nilikuwa na miaka kama yako, mwaka wangu wa kwanza. Tulitumwa kubadilisha kikombe, kile cha kauri kinachoshika waya juu ya nguzo, kilichopasuka kwenye tawi la laini ya kilovolti 33. Tawi lenyewe lilikuwa fupi, nguzo chache tu, na mwisho wake palikuwa na transfoma moja inayolisha mashine ya kusaga. Tulifika mwanzo wa tawi, tukatoa fyuzi zote tatu kwa fimbo isiyopitisha umeme, tukaziona zinaning'inia wazi. Laini imekatwa mbele ya macho yetu. Mimi nikafunga mkanda, nikaanza kupanda. Mzee aliyekuwa kiongozi wetu akanishika kisigino akaniambia shuka. Akachukua kipima umeme, akakifunga kwenye fimbo ndefu, akakisogeza kwenye waya. Kikalia.

Tulitazamana. Umeme umetoka wapi na fyuzi tumezishusha wenyewe? Umeme ulitoka mwisho wa tawi. Mwenye mashine ya kusaga alipoona umeme umekatika aliwasha jenereta yake, na jenereta ile ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye nyaya za mashine bila swichi ya kubadilisha chanzo. Transfoma haina akili ya kujua upande upi ndio wa kuingilia. Ukiipa volti 33,000 juu inakupa 400 chini, na ukiipa 400 chini inakurudishia 33,000 juu. Jenereta ya kusagia unga ilikuwa imewasha tawi zima nililokuwa naelekea kulishika kwa mikono. Yule mzee hakunigombeza. Alitembea hadi kwenye mashine, akazungumza na mwenyewe, akazima jenereta, akarudi akapima tena. Mimi nilikaa chini ya mti nusu saa nzima kwa sababu miguu ilikataa kusimama.

Siku hizi hatari hiyo imeongezeka. Wakati wetu jenereta ilikuwa ya tajiri wa kijiji, na sasa kila duka lina jenereta ndogo, nyumba zina mitambo ya jua yenye inveta na betri. Kila moja ikiungwa vibaya na kishoka, yaani fundi wa mtaani asiye na leseni, ni kituo kidogo cha kuzalisha umeme ambacho hakipo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Kile alichokifanya mzee yule kina utaratibu wake, na mafundi wa dunia nzima wanaufuata karibu kwa mpangilio uleule. Unakata umeme pande zote unakoweza kutoka. Unafunga kwa kufuli na kuweka bango ili mwingine asije akarudisha, na fyuzi ulizotoa unaondoka nazo. Unapima kwa kipima kilichothibitishwa kwamba kinafanya kazi, kabla ya kupima na baada ya kupima, kwa sababu kipima kibovu hukaa kimya mbele ya waya wenye umeme na mbele ya waya usio nao. Unafunga ethi. Mwisho unatenga au kufunika kila kilicho jirani ambacho bado kina umeme. Baada ya hapo ndipo kiongozi anasaini kibali cha kazi na mtu anapanda.

Hapo kwenye ethi nitakaa kidogo, maana ndipo makundi mengi ya saiti yanaporuka hatua. Ethi ya kubebeka ni nyaya nene zenye vibanio. Unafunga kwanza upande wa ardhini, kisha kwa fimbo unabana waya wa kwanza, wa pili na wa tatu, hadi zote tatu ziwe zimeunganishwa pamoja na kushikamana na ardhi. Wakati wa kutoa unaanza juu na kumalizia ardhini. Ukigeuza mpangilio, ukabana juu kabla hujafunga chini, ncha iliyo mkononi mwako ndiyo inayokuwa ardhi. Ethi zinafungwa pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Mtu wa kituoni akikosea akarudisha umeme, au jenereta ikawaka mahali, mkondo wote unakimbilia kwenye zile nyaya nene, ulinzi wa laini unakata, na wewe uliye katikati una nafasi ya kushuka mwenyewe. Kuna jambo lingine ambalo nyapara wengi hawalijui kabisa. Laini ndefu iliyozimwa ikipita sambamba na laini kubwa, tuseme ya kilovolti 220 kama mnazoziona huko Shinyanga, inaambukizwa umeme kutoka kwa jirani yake bila kuguswa na kitu. Na radi ikipiga umbali ambao hata huisikii vizuri, inasafiri ndani ya waya ikufikie. Kukata peke yake hakukukingi na hayo, ila ethi inapunguza sana hatari hiyo.

Kesho ukifika saiti muulize nyapara maswali mawili, kwa heshima, kama mtu anayetaka kujifunza: kibali cha kazi anacho nani, na ethi zimefungwa nguzo ipi? Akikuonyesha karatasi na akakupeleka kwenye nguzo, una nyapara mzuri, mshike. Akicheka au akasema laini hii ni mpya haijaunganishwa hivyo haina haja, umeshapata jibu lako. Laini mpya inapita chini ya laini za zamani, inavukana nazo, inavutwa juu yake, na waya mpya unaoteleza wakati wa kuvutwa ukigusa laini hai, kila anayeushika kule chini amekwisha. Wewe unayesaidia kuvuta umo katika hatari hiyo leo hii, hata kabla hujapanda.

Umeandika kwamba chuo ni kupoteza muda. Hebu chukua kalamu. Laini ya kilovolti 33 maana yake ni volti 33,000 kati ya waya na waya. Kati ya waya mmoja na ardhi ni kiasi gani? Unagawanya kwa kipeuo cha pili cha tatu, yaani 1.73, unapata karibu 19,000. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayogeuza 400 ya transfoma kuwa 230 ya nyumbani. Sasa mwili wa mtu una ukinzani wa kama omu 1,000, ukilowa jasho unashuka zaidi. Kwa volti 230 unapitisha zaidi ya miliampia 200, wakati miliampia 10 hadi 20 zinatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia, na 30 zikikaa muda kidogo zinaweza kuvuruga moyo. Wanaosema "umeme wa nyumbani hauui" hawajawahi kufanya kugawanya huku. D yako ya hesabu inatosha kabisa kuelewa niliyoandika hapa, tatizo ni kwamba hakuna mtu atakayekukalisha saiti akufundishe. Pale kila mtu anakimbizana na jua.

Hata glavu zina elimu yake. Umeziona za mpira zenye lebo ya rangi? Daraja 0 ni mwisho volti 1,000. Daraja 2 ni 17,000. Daraja 4 ni 36,000. Nimekuta watu wamevaa daraja 0 wakienda kwenye laini ya kilovolti 33 kwa imani kwamba "glavu ni glavu". Kila asubuhi unaikunja kutoka kwenye mdomo, hewa inabaki ndani, unaiweka shavuni kusikiliza kama inavuja. Tundu dogo la mwiba linatosha kuifanya isiwe kitu. Juu yake unavaa glavu ya ngozi ili mpira usichanike, na baada ya miezi sita inapelekwa kupimwa upya kwenye maabara.

Sasa nije kwenye jambo unalolijua kuliko wengi wa darasani kwangu, yaani mashimo. Kanuni ya mkononi ni kwamba sehemu moja ya sita ya nguzo inakaa ardhini: nguzo ya mita 12 iende mita 2, ya mita 9 iende mita moja na nusu. Unajua wewe kinachotokea mkikutana na mwamba kwenye sentimita 110 na jua linazama. Nguzo inasimamishwa hivyohivyo, udongo unarudishwa wote kwa mpigo bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka, na kwa macho ya barabarani inaonekana imesimama sawa na wenzake. Mtu atakayepanda nguzo hiyo akiwa na vikombe na plaizi kiunoni, anategemea ukweli wa shimo ambalo hakuliona. Ukianza kupanda, huenda mtu huyo akawa wewe. Kwa hiyo hata leo ukiwa kibarua, shimo fupi liseme. Mwambie msimamizi wa mradi, usimwachie nyapara peke yake.

Nguzo ya zamani ina hila zaidi. Hizi zetu nyingi zinatoka misitu ya Nyanda za Juu Kusini, Mufindi na kandokando yake, zimetiwa dawa, zile za kijani ni za chumvi za shaba na zile nyeusi ni za kreosoti. Dawa inalinda miaka mingi, lakini nguzo haiozi sawasawa. Huoza zaidi pale inapoingia ardhini na kama sentimita 30 chini yake, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa pamoja, na mchwa wanapapenda. Juu itang'aa kama jana. Kwa hiyo kabla ya kupanda unazunguka nguzo ukiigonga kwa nyundo kutoka chini hadi mkono unapofika. Mti mzima unalia mlio mkavu na nyundo inarudi mkononi. Mti uliooza ndani unatoa mlio bubu. Kisha unafukua kidogo pembeni unachoma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo, hupandi. Unaleta gari la ngazi au unaifunga nguzo kwa nguzo nyingine kwanza.

Na tazama nyaya zinavyovuta. Nguzo ya katikati imetulia kwa sababu inavutwa pande mbili sawasawa. Ukikata waya upande mmoja, upande wa pili unaichukua, nawe umefungwa juu yake kwa mkanda. Vijana wengi wakisikia ajali ya laini wanafikiria umeme tu, na nguzo imewaua mafundi ambao hata umeme haukuwepo kabisa. Kabla ya kukata au kulegeza waya unafunga stei ya muda, yaani waya wa kuishikilia nguzo isianguke. Halafu kuna nyuki. Usicheke, nyuki kwenye krosi-amu ya juu, ule mkono wa nguzo unaobeba vikombe, mita kumi hewani, umefungwa mkanda, ni ajali kamili. Unasimama mbali, unaangalia kwa dakika nzima kabla hujaweka mguu.

Basi njia ya kufuata. D zako hazikufungii mlango VETA, wanapokea hata waliomaliza darasa la saba. Unaomba kozi ya ufundi umeme, ile ndefu, yenye ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na unalenga kufika ya tatu. Usiridhike na kozi fupi ya miezi michache. Fomu hutolewa nusu ya pili ya mwaka na masomo huanza Januari, kwa hiyo nenda chuo kilicho karibu nawe uulize mapema, na uulize pia nafasi za bweni, kwa sababu gharama inayowashinda wengi ni kula na kulala kuliko ada yenyewe. Ndiyo faida ya kuwa na kibarua sasa: weka akiba ya overoli, vifaa na chakula cha miezi ya kwanza.

Nikuambie ukweli ambao matangazo ya vyuo hayausemi waziwazi. VETA utasoma zaidi umeme wa majengo: kufunga nyaya za nyumba, mota, vidhibiti, kupima. Laini za nje utazigusa kidogo. Wapo wanaorudi nyumbani wakilalamika kwamba walitaka nguzo wakapewa soketi. Wamekosea kulalamika. Yule anayeelewa kwa nini nyumba inahitaji ethi ataelewa ethi ya laini kwa siku moja, na anayejua kusoma mchoro wa nyumba atasoma mchoro wa laini. Ufundi wa nguzo wenyewe unaupata kazini, chini ya shirika la umeme au mkandarasi mwenye utaratibu. Wenzetu Kenya wana chuo cha Kenya Power kule Ruaraka, Nairobi, kinachofundisha watu wa laini moja kwa moja. Kwetu Bara njia inayofaa zaidi ni chuo kwanza, mafunzo ya vitendo kwa TANESCO au kwa mkandarasi wa miradi ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, kisha ajira. Ukiwa na cheti unaweza kuomba pia leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji; leseni hiyo ina madaraja kulingana na elimu na uzoefu, na hiyo ndiyo inayokutofautisha na kishoka mbele ya mteja na mbele ya sheria. Ukipenda kusonga mbele zaidi, kuna stashahada pale Chuo cha Ufundi Arusha, DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya, lakini hilo usilibebe leo.

Kuhusu haraka yako, tazama wenzetu wa mbali. Marekani mwanafunzi wa laini za nje hufanya kazi kama saa 7,000 chini ya fundi aliyekamilika kabla hajaitwa fundi. Kwa saa nane kwa siku hizo ni siku 875 za kazi, zaidi ya miaka mitatu. Mwanzoni hupanda nguzo za uwanja wa mafunzo ambazo hazina hata waya wenye umeme, na kwa muda mrefu kazi yake ni kupitisha vifaa na kutazama. Nyapara wako anataka kukupa safari hiyo kwa mwezi mmoja.

Kitu cha kujifunza hata kabla ya chuo ni kuokoa mtu. Mwenzako akipigwa juu ya nguzo, dakika nne za kwanza ndizo zenye maana, na gari la hospitali halitafika ndani ya dakika nne kitongojini. Atakayemshusha ni ninyi mlio pale. Kundi linalojua kazi lina kamba ya kushushia tayari, na mtu wa chini hafanyi kazi nyingine ila kutazama juu. Akishafika chini na hapumui, unakandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita tano hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, unarudia bila kukata tamaa. Kabla ya kumgusa hakikisha umeme umekatwa. Waya ukiwa umeanguka ardhini usimkimbilie, maana ardhi yenyewe ina umeme unaopungua kadiri unavyokwenda mbali, na hatua ndefu inakupa volti tofauti kati ya mguu na mguu. Ukijikuta ndani ya eneo hilo, toka kwa kuburuza miguu iliyoshikana, hatua fupi fupi. Na aliyepigwa akasimama akasema yuko sawa, apelekwe hospitali hata hivyo, kwa sababu umeme huunguza ndani ambako macho hayaoni, na moyo na figo vinaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Tafuta mafunzo hayo mwaka huu.

Sasa mama. Usimwone ni mwoga wa kawaida. Yeye bila kusoma umeme ameona alichokiona mzee wangu aliyenishika kisigino. Ukae naye, umwambie unakwenda chuo, na umwambie pia kwamba bado unataka nguzo, usimfiche. Kisha fanya jambo moja litakalomsaidia alale: muulize mkandarasi wako kama amejisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa Tanzania Bara kila mwajiri, wa serikali na wa binafsi, anatakiwa kuchangia, na mfuko huo ndio unaolipa matibabu na fidia ukiumia kazini. Omba mkataba wa maandishi hata kama wewe ni kibarua wa kulipwa kwa siku. Kijana aliyeanguka bila jina lake kuwa kwenye karatasi yoyote, familia yake inaanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa kazini siku ile. Nimeisindikiza familia moja kwenye hangaiko hilo na sitaki kuiona ya pili.

Malipo mara mbili ni mengi kwa mtu wa miaka 21, siwezi kukubeza kwa kuyatamani. Lakini uliza yanadumu muda gani. Mradi wa vitongoji ukiisha, mkandarasi anahamia wilaya nyingine na nyapara anachukua vijana wa huko. Mwenye cheti na leseni anahamia naye au anabaki na wateja wake. Asiye navyo anarudi kuchimba mashimo, au anageuka kishoka, na huko ndiko wengi wenye kipaji kama chako walikopotelea.

Mkanda wa 80,000 usinunue. Hujui umekaa juani miaka mingapi, kama uliwahi kumwagikiwa maji ya betri, au kama uliwahi kumshika mtu anayeanguka. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu hata mara moja unatupwa, kwa kuwa nyuzi za ndani zimeshavutika na hakuna anayeweza kuliona hilo kwa macho. Vyuma vya kupandia navyo vinatakiwa vikae na mguu wako na aina ya nguzo, na ncha zake zipimwe. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri kukupa, na mwajiri anayekutaka uje na mkanda wako mwenyewe amekueleza anavyokuthamini. Kama hizo 80,000 unazo kweli, anza kununua plaizi nzuri yenye mpini uliothibitishwa kwa volti 1,000, bisibisi mbili za aina hiyohiyo, na mita ya kupimia yenye jina linaloaminika. Zote utazihitaji siku ya kwanza ya karakana mwezi wa Januari.